Panja Zinaporudi Nyuma: Kovu Lililo Chini ya Ngozi Laini

Nyusi mara nyingi ndizo zinazotangulia. Zinapungua taratibu, aghalabu bila maumivu, na kwa kuwa hapa Unguja na Pemba wanja wa nyusi ni pambo la kila siku, hakuna anayeshangaa. Mwanamke anachora nyusi zake asubuhi, anafunga ushungi, anatoka. Miaka miwili mitatu baadaye, siku anapofumua nywele mbele ya kioo, anaona kipaji kimekuwa kirefu. Panja zimerudi nyuma. Ataambiwa ni umri, ni uzazi, ni jicho, ni maji ya kisima. Atabadilisha mafuta: nazi, mnyonyo, habasoda. Nywele hazirudi, kwa sababu pale zilipokuwa zikiota sasa pana kovu.

Ugonjwa unaoliacha huitwa upara wa kovu wa mbele, na kovu hili si kama la kisu wala la moto. Halina uvimbe wala mkunjo, na ukipitisha kidole juu yake unahisi ulaini tu. Liko chini, na ni dogo mno: kila unywele uliokufa umeacha kijiti chembamba cha nyuzi, kimesimama pale kifuko chake kilipokuwa. Ngozi ya juu haina habari. Ndiyo maana watu wengi, hata baadhi ya wahudumu wa afya, hutazama na kusema hapana kitu hapa, nywele zitaota.

Ili kuelewa kwa nini haziwezi kuota, lazima tushuke ndani ya ngozi. Kifuko cha unywele kinaanza kwenye tundu dogo juu ya ngozi na kuteremka hadi kwenye mafuta yaliyo chini yake. Njiani kinapokea mrija wa tezi ya mafuta, na chini kidogo ya hapo kimeshikwa na kimsuli, kile kinachosimamisha vinyweleo mtu akipigwa na baridi. Hapo penye kimsuli, ukuta wa kifuko una kinundu. Humo ndimo zimo seli shina, zinazojenga unywele mpya kila wa zamani unapomaliza muda wake. Nusu ya chini ya kifuko huvunjwa na kujengwa upya katika kila mzunguko. Kinundu hubaki.

Anayelima migomba hana haja ya kuelezwa zaidi. Mgomba ukikatwa, chipukizi huinuka, maana tunguu liko hai ardhini. Tunguu likioza, mwagilia utakavyo. Katika alopesia areata, ule upara wa madoa ya duara, seli za kinga hushambulia sehemu ya chini kabisa ya kifuko, penye bonge la unywele. Tunguu halikuguswa, na nywele huweza kurudi hata baada ya miaka. Katika upara wa kovu wa mbele, ambao ni aina ya laikeni planopilari, maradhi ambayo seli za kinga hushambulia vifuko na kuacha kovu, shambulio liko juu zaidi, penye kinundu chenyewe.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1994 na Steven Kossard, daktari wa ngozi wa Australia, kutokana na wanawake sita waliokwisha koma hedhi. Kwa muda mrefu baada ya hapo ukahesabiwa kuwa maradhi ya wazungu wazee, na dhana hiyo imewaumiza wengi. Mwaka 2013 Ncoza Dlova wa Durban alieleza wanawake wa Afrika Kusini waliokuwa nao pamoja na weusi wa kijivu usoni, unaoitwa laikeni plana ya rangi. Wanawake weusi huweza kuupata wakiwa bado wanaona siku zao. Wanaume nao huupata, na kwao huweza kujitokeza ndevuni au masharubuni, wakadhani ni kiwembe.

Sasa tazama chini ya hadubini kipande cha ngozi ya kichwa kilichokatwa mlalo, kama mtu anavyokata kitunguu duara duara. Kifuko kizima kinaonekana kama pete: unywele katikati, kuta zake, kisha ala nyembamba ya nje, na pembeni yake matawi ya tezi ya mafuta, meupe, yenye povu. Kifuko kinachoumwa kina wingu la nukta za buluu iliyoiva. Hizo ni limfosaiti, yaani seli za kinga, zimejipanga kukizunguka, na baadhi zimekwisha penya ukutani. Tabaka la chini la ukuta limejaa vitundu, na hapa na pale kuna seli iliyokufa, imekauka na kugeuka kidonge cha waridi. Ukitafuta tezi za mafuta huzioni. Hizo hutoweka mapema sana, kabla hata unywele haujaanguka, na kwa msomaji wa slaidi, yaani kioo chembamba chenye kipande hicho, kutoweka huko ni miongoni mwa dalili zenye uzito mkubwa.

Baada ya hapo huja nyuzi. Nyuzi hizo, zinazoitwa kolajeni, hujifunga kukizunguka kifuko tabaka juu ya tabaka, kama maganda ya kitunguu, na mara nyingi hubaki ufa mweupe baina ya ukuta na maganda hayo. Vifuko viwili vilivyo jirani huweza kufungwa pamoja ndani ya kovu moja, vikaonekana kama jozi ya miwani. Mwishoni kifuko kinakwisha. Kinabaki kijiti cha nyuzi, pengine na kipande cha unywele kilichoachwa uchi ndani ya nyama, kimezungukwa na seli kubwa zinazojaribu kukila. Wingu la limfosaiti limeondoka, kwa kuwa halina tena cha kushambulia. Atakayechukua kipande hapo atapata kovu tupu lisilomwambia ni nini kilicholileta.

Jambo moja la slaidi hizi linaonekana pia kwa macho. Ugonjwa huu hauchagui nywele nene tu, unakula na malaika, vile vinywele laini vinavyopunguza ukali wa mpaka baina ya nywele na kipaji. Kwa hiyo ukingo wa nywele unakuwa mkavu na mkali, kama uliochongwa. Mbele yake, kwenye ngozi iliyoachwa wazi, husimama unywele mmoja, labda miwili, mrefu na wa kawaida kabisa, peke yake. Anayeuona unywele huo wa upweke huku nyusi zimepungua asingoje miezi sita.

Kuna njia nyingine inayofikisha panja mahali hapo hapo, nayo ni kuvutwa. Daktari mmoja alieleza mwaka 1907 upara wa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele fundo la kubana utosini. Kwetu kuna twende kilioni ya kubana, rasta ndefu zenye nywele za bandia, na lile fundo la kila siku chini ya ushungi, linalovutwa nyuma sana ili kitambaa kikae vizuri. Ushungi wenyewe hauna kosa. Kosa liko kwenye fundo na kwenye kofia ya ndani yenye mpira unaobana mahali pale pale mwaka mzima.

Kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi kinachokatwa ili kupimwa, kikitoka kwenye nywele zinazovutwa kinasimulia habari tofauti. Mwanzoni idadi ya vifuko ni ileile, ila vingi mno vimesukumwa kwenye mapumziko kabla ya wakati wake, na ndani ya baadhi mna unywele uliopindika, na vipande vya rangi nyeusi vilivyomwagika. Limfosaiti ni chache au hazipo. Tezi za mafuta zipo, zimenona. Hatua hii inarudika: ukiacha kuvuta, nywele zinaota. Uvutaji ukiendelea kwa miaka, vifuko vya nywele nene vinakwisha na vijiti vya nyuzi vinashika nafasi yake, lakini hata hapo tezi za mafuta hubaki, na malaika hubaki. Ndiyo sababu mtu aliyevutwa nywele huwa na pindo jembamba la vinywele vifupi mbele kabisa, na upara uko nyuma ya pindo hilo. Vinywele hivyo ni vifupi mno kwa msusi kuvikamata, basi vikasalimika.

Mtu anaweza kujitazama mwenyewe nyumbani. Akae karibu na dirisha, avute ngozi ya panja kidogo kwa vidole viwili, na mwenzake apige picha kwa simu, taa ikimulika kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Aangalie kama malaika zipo au hazipo. Aangalie kila tundu ambalo bado lina unywele: je, limezungukwa na kigamba cheupe kinachokumbatia shina la unywele, kama kola? Kwenye vitabu vingi imeandikwa kuwa tundu hilo huwa jekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo huonekana kama hudhurungi, zambarau au kijivu, na anayetafuta nyekundu hataiona. Ukanda ulioachwa wazi nao mara nyingi ni mweupe kidogo kuliko kipaji, kwa sababu haujapigwa jua miaka yote, na mishipa ya damu huonekana wazi zaidi ya kawaida. Mtu mmoja huweza kuwa na yote mawili, kovu la kinga na la kuvutwa. Hapo picha ya simu inafika mwisho wake, na panahitajika kinyama.

Kuchukua kinyama cha kichwani ni kazi ya dakika chache, na hata hivyo huharibika kwa urahisi wa ajabu. Kosa kubwa ni mahali pa kukata. Mgonjwa anaonyesha sehemu iliyo laini kabisa, maana ndiyo inayomuuma moyo, na mkataji anakata hapo. Majibu yanarudi: kovu, basi. Pa kukata ni ukingoni, penye nywele bado na kile kigamba kinachokumbatia shina. Patiwe alama ya kalamu kabla ya sindano, kwa sababu ganzi ikishaingia ngozi huvimba na alama za ugonjwa hupotea machoni.

Ganzi ni lidokeini yenye adrenalini, isipokuwa kwa mgonjwa mwenye sababu ya kutoipata. Kisha subiri dakika 10 kamili. Adrenalini inahitaji muda huo ili kubana mishipa, na kichwa kinavuja damu kuliko sehemu nyingi za mwili. Kisu ni kile cha duara cha milimita 4. Cha milimita 3 kinatoa vifuko vichache mno vya kuhesabu. Kisu kielekezwe sambamba na nywele zinavyotoka, si wima. Kwa nywele zetu za kipilipili kuna jambo la ziada: kifuko chenyewe kimepinda ndani ya ngozi, kwa hiyo unywele unavyotoka juu si lazima ndivyo unavyokwenda chini. Ukiwa na wasiwasi, ni afadhali uende ndani zaidi. Shuka mpaka uone mafuta ya manjano, kwa sababu mabonge ya nywele zinazokua yamelala humo. Kinyama kisichofika kwenye mafuta kina nusu ya habari.

Usikibane kinyama kwa koleo. Limfosaiti zikibanwa hupasuka na kuwa michirizi ya buluu isiyosomeka. Kiinue kwa ncha ya sindano, kata shina la mafuta kwa mkasi mdogo, na kitie moja kwa moja kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, ya asilimia 10. Fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama, jambo ambalo kwa kinyama kidogo hivi halina taabu, kichupa cha kawaida kinatosha. Usitumie maji ya chumvi, usitumie spiriti. Kama kichupa kitavuka kutoka Mkoani, Pemba, kwenda Unguja, kizibwe vizuri, kisimame wima ndani ya mfuko wa pili, na kisiwekwe kwenye barafu. Kinyama kilicho ndani ya fomalini hakiozi njiani, lakini kikiganda, seli hupasuka. Jeraha linafungwa kwa mshono mmoja, unaotolewa baada ya siku 7 hadi 10.

Vinyama viwili ni bora kuliko kimoja: kimoja kikatwe mlalo, kingine wima. Mkato wa mlalo unaonyesha vifuko vyote kwa pamoja na kuwezesha kuhesabu. Mkato wa wima unaonyesha tabaka la juu la ngozi, na hapo ndipo lupasi ya ngozi, ugonjwa mwingine wa kinga unaoacha kovu, hujitofautisha, kwa utando mnene chini ya ngozi ya juu, matundu yaliyozibwa, na limfosaiti zilizoshuka hadi kwenye tezi za jasho. Mpatholojia, daktari anayesoma slaidi, aombwe pia rangi ya kuonyesha fangasi, kwa sababu mapunye kwa mtu mzima huweza kujificha kwa sura nyingi.

Kwenye kuhesabu kuna mtego unaotuhusu sisi hasa. Kinyama cha milimita 4 kutoka kichwa cha mtu wa asili ya Ulaya kina vifuko vipatavyo 36. Kwa Wamarekani weusi, hesabu hiyo ni 20 na ushei tu, na vichwa hivyo ni vizima kabisa. Anayesoma slaidi ya mwanamke wa Zanzibar kwa kipimo cha Ulaya ataandika kuwa vifuko vimepungua kwa karibu nusu, na mtu mzima atapewa ugonjwa asionao. Kwa hiyo karatasi ya maombi isiandikwe neno "upara" na alama ya kuuliza. Iandikwe umri, muda, mahali hasa palipokatwa, hali ya nyusi, mitindo ya kusuka na dawa ya kulainisha nywele, na kama amechomwa karibuni sindano za steroidi, dawa za kutuliza kinga, kwa sababu sindano hizo hufukuza limfosaiti na kuifanya slaidi ionekane tulivu kuliko ukweli.

Tiba tutaipitia kwa kifupi, kwani inapangwa na daktari kwa kila mtu. Lengo ni kuzuia kovu lisiendelee. Nywele zilizokwisha hazirudi, na anayeuza mafuta ya kuzirudisha anauza mafuta tu. Hutumika steroidi ya kupaka yenye nguvu, sindano za triamsinoloni (nayo ni steroidi) ukingoni kila baada ya wiki kadhaa, doksisaiklini, haidroksiklorokwini isiyozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku na macho yakipimwa, na finasteridi au dutasteridi. Hizi mbili za mwisho hazifai kabisa kwa mwenye mimba au anayeweza kushika mimba bila kinga, na doksisaiklini nayo haipewi mjamzito. Sindano ikiwa nzito mno au ya mara kwa mara mno huacha vishimo kipajini, mahali ambapo ngozi imekwisha kukonda. Kupandikiza nywele kabla ugonjwa haujatulia kwa muda mrefu ni kulisha moto kuni mpya.

Tunaomba sana jambo hili lisikilizwe: ule weusi wa kijivu wa kipajini na mashavuni usipakwe mkorogo. Weusi huo si uchafu wala jua pekee, ni rangi iliyoanguka kutoka tabaka la juu la ngozi na kulala chini, mahali ambapo krimu ya kuchubua haifiki. Mkorogo utaichubua ngozi nzima ya jirani, weusi wenyewe utabaki, na steroidi iliyomo itakondesha ngozi na kuficha dalili ambazo daktari angezihitaji.

Kwa wasusi, mengi yamo mikononi mwenu. Anzeni mstari nyuma ya ukingo, upana wa kidole kimoja, na malaika muziache. Kifungu kidogo cha nywele za panja kisibebeshwe rasta nzito. Ikibidi, ziwe fupi au zisiwepo kabisa. Mteja akisema inauma, legeza hapo hapo, kwa sababu vipele vinavyotoka ukingoni siku mbili tatu baada ya kusuka ni vifuko vilivyokwisha jeruhiwa, na mteja anayemeza panadoli ili alale ameondoka kwenu na jeraha. Nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha zipumzike wiki mbili angalau kabla ya kusukwa, na msuko ukae wiki nne hadi sita, kisha ufumuliwe, si kurudiwa mistari ya mbele peke yake. Wasichana wadogo wanaoandaliwa kwa ajili ya Idi wasukwe legevu. Picha za Idi zitatoka nzuri vilevile.

Kwa anayefuatilia maradhi yake, tepu ya fundi cherehani inatosha. Pima kutoka kona ya nje ya jicho moja kwa moja hadi unywele wa kwanza wa panja, na kutoka mkunjo wa baina ya nyusi kwenda juu hadi unywele wa kwanza wa kipaji. Unywele wa upweke usihesabiwe. Andika kwa milimita, pamoja na tarehe, kila baada ya miezi mitatu. Mwendo wa ugonjwa huu ni wa polepole, mara nyingi milimita moja hivi kwa mwezi au chini yake, na kumbukumbu ya macho haiwezi kushika tofauti ndogo namna hiyo.

Siku ya kwenda kliniki, iwe Mnazi Mmoja, Chake au kwingineko, fumua nywele siku moja kabla, zioshe, na usipake mafuta, kwa sababu mafuta huvifanya vigamba visionekane. Osha wanja wa nyusi wote. Chukua karatasi ya vipimo vyako, majina ya kila ulichopaka, na picha moja ya zamani, ya harusi au ya shule, inayoonyesha panja zilivyokuwa.